Saa Nne na Dakika Kumi

Alikuwa fundi wa saa, na watu walimwita Fundi tu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limelala kwenye kitambulisho, halina kazi. Mkewe peke yake hakumwita Fundi. Alimwita "wewe". "Wewe, chai." "Wewe, mlango." Sasa mkewe alikuwa na miezi saba kaburini, na hakubaki mtu wa kumwita hivyo.

Shule hakuiona ndani. Kuandika jina lake alijua, na tarakimu alizijua zote kwa sababu ya kazi. Aliyemfundisha alimfundisha kwa kumpiga vidole kila alipodondosha skrubu. Ndiyo maana mpaka uzeeni mkono wake haukutetemeka.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, mkabala na hospitali, kimebanwa kati ya kinyozi na mama mmoja mshona sare za shule ambaye watu walimwita Mama Sare. Ukubwa wake ulikuwa wa kabati. Meza, taa ya kuinamia, lenzi ya kubana jichoni, vibano viwili, kopo la skrubu ndogo kama mayai ya chawa. Ukutani, safu tatu za saa za kuuza. Siku hizi watu wanatazama simu. Kulikuwa na siku ambazo tangu asubuhi mpaka jioni alitamka maneno mawili tu: "Betri imekwisha."

Jioni alirudi kwenye vyumba vyao viwili. Alikula kwa kusimama, kando ya jiko. Akikaa mezani peke yake alijiona kama mgeni anayengoja kuandaliwa. Kitandani alilala upande wake ule ule wa ukutani, na upande wa pili aliuacha umetandikwa.

Sebuleni kulikuwa na runinga kubwa. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, aliileta mama yake alipoanza kuumwa. Mama mtu alipenda tamthilia moja ya familia ya matajiri wanaogombea urithi kwenye nyumba yenye mapazia mekundu na ngazi za kuzunguka. Katika sebule ya matajiri hao kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, rangi ya dhahabu. Ilikuwa haitembei.

"Hebu tazama, wewe," mkewe alisema siku moja. "Watu na utajiri wao wote, wameshindwa kununua betri."

"Wanaitoa makusudi. Ikipiga tik tik inaingia kwenye sauti."

"Si wangekuita? Ungewafundishia saa yao kunyamaza. Kunyamaza unakujua."

Alicheka peke yake mpaka akakohoa. Fundi hakucheka wakati ule. Alicheka kesho yake, kibandani, ameinama juu ya saa ya mtu.

Mkewe alipoondoka, tamthilia iliendelea. Fundi hakuiwasha.

Siku moja alikwenda kwa Kinyozi kunyoa ndevu. Kinyozi alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno mengi kuliko nywele alizokata. Alikuwa na chaneli yake kwenye simu, humo anafichua alama. Kila wimbo mpya, kila tangazo la sabuni, kila tamthilia, yeye aliona jicho, au pembetatu, au vidole vimekunjwa kwa namna fulani. Kulikuwa na watu, alisema, wakubwa sana, wanaozungumza kupitia alama hizo, na sisi tumekaa tunakula bisi.

"Tazama hapa," alisema, mkasi mkono huu, simu mkono ule. "Pazia jekundu. Sakafu nyeusi na nyeupe. Ngazi, hesabu mwenyewe, kumi na tatu. Mnadhani ni bahati?"

"Labda mbao ziliishia hapo," alisema Breki. Huyu alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Kichwa chake kilikuwa na upara kama sahani, lakini kila siku alikuja kukaa kwa kinyozi.

"Wewe Breki utakufa unacheka."

"Afadhali kuliko kufa nahesabu ngazi."

Kinyozi hakumjali. Alisimamisha picha, akamsogezea Fundi simu karibu na povu la shavuni. "Na hii je? Vipindi mia na ishirini, saa hiyo haijabadilika. Mtu anauawa asubuhi, saa ni hiyo. Watu wanaoana jioni, saa ni hiyo. Fundi, hii kazi yako. Inasema saa ngapi?"

Ilikuwa ile saa ya dhahabu.

"Saa nne na dakika kumi," Fundi alisema.

Angeweza kuongeza neno moja, betri, yakaisha. Neno lilifika mpaka ulimini. Badala yake likatoka lingine.

"Ndiyo saa aliyoondoka mama watoto."

Mkasi ukanyamaza. Mama Sare, aliyekuwa ameingia kuazima pasi, akaweka mkono mdomoni. Breki akaondoka kwenye kiti kizuri, kile chenye mto, akasema, "Kaa hapa, kaka." Tangu msibani hakuna mtu aliyemtazama Fundi namna ile. Jioni hiyo walimsindikiza wote watatu mpaka nyumbani, wakaingia, wakakaa. Kinyozi aliiona runinga.

"Fundi, na skrini yote hii? Sisi tunaumiza macho na visimu."

Basi ikawa kila Jumamosi. Marudio ya tamthilia yalionyeshwa saa kumi alasiri. Saa tisa Fundi alikuwa ameshafagia na kuosha vikombe vinne. Mama Sare alileta biskuti. Siku moja alitazama pazia la dirishani, akasema hilo pindo linanitia aibu, akalishusha, wiki iliyofuata akalirudisha limeshonwa. Breki alisinzia kabla ya tangazo la kwanza, akawa anaamka ili kubisha. Kinyozi alisimama mbele ya runinga na kijiti, kama mwalimu.

"Pete ile. Umeiona pete?"

"Nimeona pete," alisema Breki, macho yamefumba.

"Ina jicho."

"Hata sindano ya Mama Sare ina jicho."

"Tena hilo limeona mengi," alisema Mama Sare, na wote wakacheka, hata Kinyozi.

Fundi hakuona jicho wala pembetatu. Aliona watu wamevaa vizuri wakigombana. Lakini alipenda kuulizwa, "Fundi, umeona?" akajibu, "Nimeona." Jumamosi moja Mama Sare alipita na birika la moto, akasema, "Sogea, wewe," na Fundi akasogea, kisha akakaa muda mrefu asijue kinachozungumzwa.

Mwezi wa pili wa mikutano hiyo Kinyozi akaleta hoja. Alitaka ushuhuda. Fundi akae mbele ya simu, avae shati jeupe, aseme mambo mawili. La kwanza, kwamba yeye ni fundi wa miaka arobaini na anathibitisha kuwa si kawaida saa kukaa vile. La pili, kwamba mkewe, mpenzi wa tamthilia hiyo, alifariki dakika ile ile.

"Watu wataona kwamba si maneno ya kinyozi," alisema. "Ni fundi mwenyewe. Tena mfiwa."

"Nitafikiri," alisema Fundi.

"Fikiri mpaka Jumamosi."

Sasa, yote mawili hayakuwa kweli, na Fundi alijua.

La kwanza lilikuwa dogo. Saa yoyote mpya, kutoka kiwandani, inakuja na mishale imenyanyuliwa pande mbili, saa nne na dakika kumi, ili jina la kiwanda lililo katikati lisizibwe, na ili saa ionekane imechangamka. Bwana aliyemfundisha alimwambia hivyo siku ya pili ya kazi. Kibandani kwake safu zote tatu zilisema saa nne na dakika kumi, miaka yote. Kinyozi alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi. Mama Sare alinunua yake hapo hapo. Hawakuona.

La pili ndilo lililokuwa zito.

Mkewe alilazwa siku tisa. Juu ya mlango wa wodi walikuwa wametundika saa mpya, hata karatasi ya nailoni ya kiooni haijabanduliwa, na hakuna aliyekumbuka kuitia betri. Mishale ilikuwa juu, kama ilivyotoka dukani. Siku ya tisa asubuhi mgonjwa aliamka ana nafuu kidogo. Alikunywa uji nusu kikombe, akatazama juu.

"Wewe. Fundi mzima umekaa siku tisa chini ya saa iliyokufa. Watu watatucheka."

"Kesho nitaleta betri."

"Kesho ya nini, na kibanda kiko hapo nje?"

Akaenda. Ni kuvuka barabara tu. Lakini kibandani alimkuta mteja anamngoja, mwenye mkono mwembamba, anataka mkanda wa saa utobolewe tundu moja zaidi. Fundi akatoboa. Mteja akavaa, akatikisa, akasema bado inacheza. Fundi akatoboa la pili. Kisha akachukua betri akarudi. Alikaa dakika ngapi, hajui. Hakutazama.

Alipofika, pazia la kitandani lilikuwa limevutwa. Nesi alisimama na karatasi. Nesi aliinua macho juu ya mlango, akayashusha, akaandika. Fundi aliyafuata yale macho kwenda na kurudi, na akajua alichoandika. Betri ilikuwa ndani ya ngumi yake. Hakumwambia kwamba saa ile haitembei. Angeulizwa basi ilikuwa saa ngapi, na jibu lingekuwa, sijui, sikuwepo.

Alasiri binti yao akashuka kwenye basi, uso umevimba. Hakusalimia. Alisema, "Ulikuwepo, baba?"

"Nilikuwepo," alisema Fundi. "Nilimshika mkono."

Binti akamwangukia begani. Tangu hapo yale maneno yalijiendea yenyewe. Yalisemwa makaburini. Mama Sare aliyachukua akawapa wenzake: kwamba kuna wanaume bado, yule alimshika mkewe mkono mpaka mwisho.

Ijumaa, siku moja kabla ya ushuhuda, Fundi alifungua kibanda mapema. Alishusha saa za ukutani moja baada ya nyingine, akazungusha mishale. Hii akaipa saa mbili, hii saa nane kasoro, hii saa kumi na moja na nusu. Alitaka ikiwa Kinyozi atapita na kamera yake asikute kitu. Alimaliza, akarudi nyuma kuzitazama. Miaka arobaini hakuwahi kuharibu saa makusudi, na hizi hakuziharibu, alizigeuza tu.

Mama Sare alipita na bahasha ya vifungo. "Leo umebadilisha pambo, Fundi."

"Nimefuta vumbi."

"Umefanya vizuri. Hivi hivi zinapendeza."

Jumamosi walikuja na shughuli. Kinyozi aliegemeza simu kwenye sufuria juu ya meza, akasogeza kiti cha Fundi mpaka runinga ikaonekana nyuma yake, imesimamishwa kwenye saa ya dhahabu. Mama Sare alimnyooshea kola. Breki alikuwa macho.

"Usitazame chini," alisema Kinyozi. "Nitazame mimi. Ukikosea tunarudia. Tayari? Ndugu watazamaji, leo tuko na fundi wa saa mwenye uzoefu wa miaka arobaini. Mzee wetu, pole na msiba."

"Ahsante."

"Marehemu mama alikuwa mtazamaji wa tamthilia hii?"

"Aliipenda sana."

"Na alifariki saa ngapi?"

Fundi alimtazama Kinyozi kama alivyoambiwa. Pembeni aliiona meza na vikombe vinne, vinafuka moshi.

"Sijui," alisema.

Kinyozi akagusa simu. "Mzee, tuanze upya. Saa nne na…"

"Sijui, mwanangu. Sikuwepo."

Akawaambia. Hakuchukua muda, maana yalikuwa machache: saa ya wodini, betri, mteja, tundu la kwanza, tundu la pili, nesi na macho yake. Akawaambia na la saa mpya zote kukaa vile, na kwamba hata zake zilikaa vile mpaka jana. Hakuna aliyegusa chai.

Kinyozi alikuwa na kijiti mkononi. Alikizungusha, anafikiri, kisha uso ukang'aa.

"Subiri. Hata ya hospitali? Ile ile saa nne na dakika kumi? Fundi, hujaona ulichosema? Wameingia mpaka wodini."

"Hawajaingia popote. Ni betri."

"Ndivyo wanavyotaka uamini."

"Mimi ndiye niliyekuwa nayo mkononi," alisema Fundi.

Breki alifungua mdomo wa kucheka, akamtazama Fundi, akaufunga.

Mama Sare ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa akikunja ile bahasha ya biskuti, anaikunja tena. "Ulituambia ulimshika mkono."

"Nilisema."

"Mimi nimewaambia watu, Fundi. Nimemwambia shemeji yangu, yule mwenye mume mlevi. Alilia."

"Nisamehe, mama."

"Sina la kukusamehe. Si mimi uliyeniacha kitandani." Maneno yakamtoka hivyo, na akayasikia mwenyewe baada ya kuyasema. Akachukua mkoba wake. "Nina sare za watu," alisema, akaondoka.

Kinyozi alibaki anarudia picha kwenye simu, sauti ya Fundi inatoka ndogo kama ya mdudu. "Ile sehemu ya mwanzo ni nzuri," alisema. "Nilipokuuliza kama mama aliipenda. Naweza kukata hapo, halafu…"

"Futa."

"Mzee, kazi ya mwezi mzima."

"Futa, mwanangu. Mbele yangu."

Kinyozi hakuwa mtu mbaya. Alifuta, akamwonyesha kwamba hakuna kitu. Akaitoa simu kwenye sufuria, akakirudisha kiti mahali pake. Mlangoni alisema, "Lakini ngazi ni kumi na tatu, Fundi. Hilo hujanijibu."

"Hilo sijui. Mimi ni wa saa."

Breki alimalizia chai yake yote, taratibu, amesimama. Alimpiga Fundi begani mara moja, akatoka bila kusema kitu, na kwa Breki hilo lilikuwa jambo kubwa.

Jumamosi iliyofuata Fundi alifagia. Saa kumi ikafika ikapita. Hawakumsusa. Kinyozi alimsalimu kila asubuhi, alimnyoa ndevu, alimuuliza hali. Lakini kulikuwa na wimbo mpya wenye alama nyingi kuliko tamthilia, na Breki alikuwa na mpwa aliyemnunulia runinga, na mikutano ikahamia huko. Mama Sare alimsalimu pia, kwa heshima, kama anavyosalimiwa mzee yeyote wa barabarani.

Fundi alijua kwamba maneno yaliyokwenda kwa watu kupitia kwa Mama Sare yatarudi kwa watu kupitia njia hiyo hiyo, na siku moja yatamfikia binti yake. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, akampigia.

"Shikamoo, baba. Unaumwa?" Hakuwa na desturi ya kupiga.

"Marahaba. Sijambo. Uko na watu?"

"Naosha vyombo. Sema tu."

"Mama yako alipofariki sikuwepo."

Maji yalikuwa yakichuruzika upande wa pili. Yakafungwa.

"Ulisema ulimshika mkono."

"Nilisema."

"Ulikuwa wapi?"

"Kibandani. Alinituma betri ya saa ya wodini. Nikamkuta mteja. Nikamtobolea mkanda. Mara mbili."

Fundi alingoja. Kungoja alikuweza.

"Kwa hiyo alikuwa peke yake."

"Nesi alikuwepo."

"Nesi si mtu wake."

"Si mtu wake," alikubali Fundi.

"Baba, mimi basi la jana yake lilikuwa na nafasi. Nililiacha. Nilisema nitamaliza kufua kwanza. Miezi yote hii nimekuwa najiambia, sawa, mimi nilifua, lakini baba alikuwepo. Nilikuwa nakuonea wivu. Unaelewa? Nilikuwa nakuonea wivu."

"Nimekusikia."

"Sasa nijiambie nini?"

Fundi alitafuta cha kumpa. Alitafuta kweli, kama anavyotafuta skrubu sakafuni, kwa viganja.

"Sijui, mwanangu."

"Nina hasira na wewe."

"Ndiyo."

"Sikati simu, lakini usiniongeleshe."

"Sikuongeleshi."

Hakumwongelesha. Upande wa pili mtoto aliitwa aje aoge, mlango ukafungwa, sahani ikawekwa juu ya sahani. Kisha pua ikapengwa, kisha sahani tena. Fundi alisikiliza kila kimoja. Sikio lilipopata moto, alihamishia simu sikio la pili.